Uzoefu Wangu na Diana 27: Bunduki ya Upepo Isiyopewa Haki Yake

Huku kwetu Pemba ukitaja bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, jibu huwa moja: "Hiyo ya watoto." Mtu akishaziona kwenye simu zile mpya za kujazwa hewa, zenye darubini na magazini, Diana kuukuu ya Mjerumani haitazami tena. Mimi natumia Diana 27 ya milimita 5.5, na hukumu naitoa mapema: kwa mtu wa kisiwani aliye mbali na duka la vipuri, sijaona bunduki ya upepo inayomfaa zaidi. Wengi wanaoibeza ama wanaishika vibaya, ama wameijaribu ikiwa washa yake, kile kiduara cha ngozi cha kuzuia hewa isivuje, imeshakufa.

Diana ni nembo ya kiwanda cha Mayer & Grammelspacher cha Rastatt, Ujerumani, kilichoanza mwaka 1890. Baada ya Vita Kuu ya Pili mitambo na jina vilichukuliwa Uingereza, na kampuni ya Milbro ya Uskochi ikawa inatoa Diana zake, huku Mjerumani akiuza za kwake Uingereza kwa jina la "Original". Huko Marekani, 27 hiyohiyo iliuzwa kama Winchester 427. Kwa hivyo ukikuta majina hayo usikimbilie kusema bandia. Ila ya Milbro na ya Rastatt zisichanganywe vipuri kwa kuamini jina. Pima springi kwanza, urefu na kipenyo. Nyingi za Rastatt zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimegongwa kwa tarakimu ndogo nyuma ya bomba (silinda yenye springi na pistoni), upande wa kushoto. Futa kutu na uchafu hapo utaona.

Uzito wake ni kilo 2.7 hivi, na kuikoki, yaani kuukunja mtutu ili springi ibanwe, hakuhitaji kifua cha mpagazi. Nguvu yake si kubwa: risasi ya 5.5 hutoka kwa karibu mita 130 kwa sekunde, yaani joule 7 au 8. Wanaotaka kuangusha kitu mita 50 watafute kitu chengine. Ukiirekebisha ipige penyewe kwenye mita 15, risasi kwenye mita 20 inashuka sentimita 3 hivi, na mita 25 karibu sentimita 8. Ukilijua hilo, kopo la maziwa ya unga halikukimbii. Usipolijua utasema bunduki mbovu.

Tuje kwenye kushika, maana hapa ndipo lawama nyingi zinapozaliwa. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele na mwili wa bunduki unarudi nyuma kidogo. Pistoni ikifika mwisho, bunduki inavutwa mbele. Yote mawili yanatokea risasi ingali ndani ya mtutu. Aliyepita JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) akafundishwa kuibana SMG, bunduki ya kijeshi, begani atafanya vivyohivyo, na risasi zitatawanyika. Diana inataka kuachiwa icheze. Mkono wa mbele uwe wazi kama unaobeba sahani, mbao ikae tu juu ya kiganja, na kila mara pahala palepale. Begani iguse, isikandamizwe. Usiilaze juu ya ukuta wala jiwe. Ukitaka kuegemea, egemeza mkono, bunduki ikae juu ya mkono. Triga yake ya gololi tatu ni laini ajabu kwa bunduki ya bei ile. Hilo peke yake lingetosha kuipa heshima.

Washa sasa. Nyuma ya mtutu, pale unapokutana na bomba, pana kiduara cha ngozi. Kikikauka au kuliwa, hewa inavuja na risasi inatoka imechoka. Kupima ni rahisi: tia risasi, funga, weka kipande cha karatasi ya tishu juu ya kiungo, fyatua kuelekea pahala salama. Karatasi ikiruka, washa imekwisha. Si lazima mpya uiagize Ulaya. Chukua ngozi ya ng'ombe ya mkanda, unene wa milimita 3, mpe fundi viatu aikate duara kwa kitoboleo chake. Ya zamani ichokoe kwa ncha ya sindano. Mpya ilowe mafuta usiku mzima, kisha ibonyeze ikae sawa, itokeze nusu milimita tu. Ikitokeza zaidi mtutu haufungi vizuri na unaelekea chini, ikizama, inavuja. Tundu la kati lisiingie kwenye njia ya risasi. Wapo wanaokata mpira wa tyubu ya baiskeli. Ule ukinywa mafuta unavimba na kuoza, na hapo kazi inaanza upya.

Pistoni za zamani nazo zina ngozi, nayo inataka mafuta, kidogo mno. Bunduki ikiwa haijakokiwa, kunja mtutu nusu tu mpaka uone kile kitundu cha hewa kwenye bomba. Usifike mwisho ikajikoki. Isimamishe kitako chini, tia matone matatu ya mafuta mepesi ya mashine, iache mpaka asubuhi. Risasi za mwanzo zitatoa moshi na mlio mkubwa kwa sababu mafuta yanaungua kwa mgandamizo; upige chache nje mpaka utulie. Mafuta ya nazi yasiguse humo ndani, yanachacha na kuganda. Wale wanaotia dizeli ili "iwe na nguvu" wanachoma ngozi na kuvunja springi. Nguvu huongezeka kweli, lakini bunduki inaharibika.

Kufungua springi si kazi ya bisibisi na goti. Kile kizibo cha nyuma kimeshikwa na pini mbili, na springi imebanwa hata bunduki isipokokiwa. Pini zikitoka bila ya kubanwa na jeki au klampu ndefu, kizibo kinaruka usoni. Zile gololi tatu zinadondoka na kupotea mchangani. Wakati wa kurudisha zishikize kwa grisi. Kama huna klampu, mpe mwenye nayo.

Adui mkubwa wa huku ni chumvi. Jasho la mkono peke yake, katika masika, linachora alama za vidole vyenye kutu juu ya chuma. Kila ukimaliza futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na usiihifadhi ndani ya mfuko wa sponji, maana sponji inaweka unyevu. Skurubu za mbao zinalegea kwa mtikisiko, khasa zile mbili za mbele. Mara nyingi bunduki "iliyoacha kulenga" ni skurubu hizo tu.

Na zile za kujazwa hewa? Ni nzuri, siwezi kusema uongo: hazina teke, zinalenga kuliko hii. Lakini zinataka hewa ya mgandamizo wa bar 200 na kuendelea. Kama huna rafiki mwenye mitungi ya kuzamia, utapiga pampu ya mkono mpaka utoke jasho, na pampu ikivuta hewa ya huku inavuta na maji, yanakaa ndani ya chupa na kula vali. Oringi moja (kiduara cha mpira cha kuzuia hewa) ikipasuka Wete, bunduki ni fimbo. Diana nitaitengeneza kwa mkanda wa suruali.

Diana 27 haina kizuizi cha usalama. Ikishakokiwa, kinachozuia ni kidole chako kukaa mbali na triga, basi koki ukiwa tayari kupiga, na wakati wa kutia risasi shika mtutu kwa mkono mwengine. Mtutu ukiachiliwa ghafla unapiga juu, unakata vidole na kupinda. Ndiyo maana ukienda kununua, kwanza tazama mtutu kwa ubavu kama umenyooka, kisha uutikise kushoto na kulia kwenye bawaba. Kupiga bila ya risasi usikubali hata kwa majaribio. Pistoni inagonga chuma kitupu. Nyuma ya shabaha weka debe la mchanga, maana jiwe na bati hurudisha.

Kabla ya kulipa, pita Polisi uulize habari ya kibali, na sheha ajue. Kunguru wanaokwapua vifaranga, wa mita 15 na chini ya hapo, ni sawa ukiruhusiwa. Popo wa Pemba na ninga waachwe: popo hao waliwahi kupungua vibaya kwa bunduki, na leo watu wanakwenda Kidike, hifadhi yao hapa Pemba, kuwatazama.

Risasi nunua za madini laini ya risasi (lead), za 5.5, siyo za 4.5 ambazo zinateleza ndani zenyewe, wala gololi za chuma zinazokwaruza mifuo, ile mistari ya ndani ya mtutu. Nzuri inaingia kwa kusukumwa na dole gumba. Usizitie mfukoni pamoja na funguo, sketi zake (ule mkia mpana wa risasi) zinapinda na kila moja itakwenda kwake. Na nawa mikono kabla ya kula, maana madini hayo ni sumu.