Tahadhari: "mpira wa inchi 2" ambao si wa inchi 2

Wakulima mnaonunua mipira ya pampu, kuweni macho. Kuna wauzaji, hasa wanaotangaza kwa picha kwenye makundi ya WhatsApp na kutuma mzigo kwa basi, wanaouza mpira wa milimita 45 kwa jina na bei ya inchi 2. Hapo njia ya maji imepungua kwa zaidi ya moja ya tano, na mafuta unachoma yaleyale.

Mpira hutajwa kwa kipenyo cha ndani, na inchi 2 ni milimita 50.8. Mjanja anakupimia nje. Mpira wa 45 wenye ukuta wa milimita 3 kila upande unasoma 51 kwa nje, mteja anaridhika, analipa. Weka futi ndani ya mdomo, ukuta hadi ukuta, na upime mara mbili kwa kukatisha, kwa sababu mpira uliokaa kwenye rola huwa na umbo la yai.

Mpira bapa wa kusukuma maji hauna mdomo wa kupima, basi ulaze upime upana wake. Zidisha kwa 2, gawanya kwa 3.14. Wa inchi 2 halisi haushuki chini ya milimita 80. Ukikuta 72, huo ni wa 46.

Ukisema koplingi, yaani kiungo cha kuunganisha mpira na pampu, haiingii, muuzaji atachovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto au kuipitisha kwenye moto, iteleze mbele yako. Ukatae. Mpira uliotanuliwa kwa nguvu unakuwa mwembamba palepale klipu inapobana, na ndipo utakapopasuka. Upande wa kunyonya ni mbaya zaidi: ufa mdogo hauvujishi maji hata tone, unavuta hewa, pampu inakata maji kila mara. Watu wengi hubadilisha sili za pampu bure kumbe tatizo liko kwenye mpira.

Thredi, yaani meno ya kuzungushia, nazo zinachanganywa. Koplingi ya BSP, ya mfumo wa Kiingereza, ya inchi 2 ina kipenyo cha nje cha milimita 59.6 na meno 11 kwa inchi. Ya NPT, ya mfumo wa Kimarekani, ina 60.3 na meno 11.5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zikikutana, zinazunguka kidogo kisha zinakwama, na fundi mwenye haraka anakaza kwa spana mpaka mdomo wa pampu, ambao mara nyingi ni wa aluminiamu, unapasuka. Nenda na koplingi yako ya zamani, uibane meno kwa meno na mpya. Ukiona mwanga katikati, iache. Hakikisha pia washa ya mpira, ile pete ya kuzuia uvujaji, imo ndani ya koplingi. Tepu nyeupe haizibi pengo la washa.

Klipu huchaguliwa kwa kipenyo cha nje cha mpira, si kwa inchi 2. Upande wa kunyonya funga mbili, skrubu zikitazamana pande tofauti.

Urefu: "rola la 100" linaweza kuwa yadi 100, yaani mita 91.44. Uliza mita, na iandikwe kwenye risiti. Likipungua, lipeleke pamoja na risiti hiyo ofisi ya Wakala wa Vipimo.

Kwa anayenunua akiwa mbali: kabla ya kutuma hela, dai picha ya futi ikiwa imelazwa ndani ya mdomo wa mpira, namba zikisomeka. Akikataa, usitume.