Magnolia au Gardenia: rangi mbili za krimu za ukutani zinazochanganya watu dukani

Kwenye kadi ya rangi zimekaa jirani, na ukizitazama haraka utaapa ni moja. Katika BS 4800, mpangilio wa Uingereza wa namba za rangi, Magnolia ni 08 B 15 na Gardenia ni 10 B 15. B na 15, yaani kiasi cha kijivu na uzito wa rangi, ni zilezile. Tofauti yote imo kwenye tarakimu mbili za mbele: 08 ni njano yenye wekundu ndani, 10 ni njano tupu.

Wekundu huo mdogo ndio unaosumbua ukutani. Sakafu ikiwa ya saruji nyekundu, mwanga hudunda kutoka chini na Magnolia ikaiva kama pichi kuanzia usawa wa magoti kushuka chini, hasa jua la saa kumi likiingia kwa dirisha la magharibi. Balbu za mwanga wa njano, zile za 2700K, huzidisha. Gardenia hapo hutulia. Adui yake ni majani: dirisha likitazama migomba, na ndani kuna taa nyeupe za 6500K, inavuta ukijani na chumba kinapooza.

Kwa sebule nyingi chukua Gardenia. Magnolia ni nzuri kweli kwenye vyumba vya baridi visivyopata jua, kama nyumba za Limuru au Mufindi msimu wa ukungu.

Usijaribu kwa kiraka juu ya rangi ya zamani, maana ile ya zamani itakudanganya jicho. Paka hadibodi ya sentimita 60 kwa 60 mikono miwili, yaani mara mbili, iache ikauke kabisa, kisha isogeze karibu na sakafu na karibu na dirisha: asubuhi, jioni, na usiku taa zikiwaka.

Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo 2.7, ukitoa mlango na dirisha hubaki kama mita za mraba 34. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni makopo mawili ya lita 4. Dukani taja namba, si jina tu. Yamwage makopo yote kwenye ndoo moja ukoroge kabla ya kuchovya rola. Makopo yakipishana rangi hata kidogo, mpaka utaonekana katikati ya ukuta. Plasta mpya ipe wiki nne, la sivyo ukali wa saruji utaila rangi na kuacha mabaka.