Tahadhari: majarida hewa ya "ufikiaji huria" yanayoteka makala kwa saini yako

Ndugu watafiti, na hasa ninyi mnaomalizia tasnifu za uzamili na uzamivu, kuna barua pepe inazunguka. Mimi niliijibu, na mwaka wa pili huu bado nahangaika nayo.

Inaanza kwa "Mheshimiwa Profesa". Mimi si profesa. Siku ile nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye makala moja mkononi, sura ya tatu ya tasnifu niliyoipunguza na kuiandika upya mara sita. Barua ilitaja kichwa cha wasilisho langu la mkutanoni neno kwa neno, pamoja na kosa la herufi nililolifanya mwenyewe. Ikanisifu. Ikasema jarida lao ni la kimataifa, ni la ufikiaji huria, yaani mtu yeyote anasoma bure mtandaoni, uhakiki wake hauchukui muda, na toleo lijalo limebakiza nafasi moja. Lile kosa la herufi lilitosha kunizindua: mtu aliyeisoma kazi yangu asingelirudia, ila programu inayozoa vichwa na anwani mtandaoni hulibeba kama lilivyo. Lakini sifa ni tamu, na mimi nilikuwa nadaiwa makala iliyochapishwa ili niruhusiwe kutetea tasnifu.

Nilituma Jumatatu. Alhamisi nikajibiwa kwamba imekubaliwa. Ripoti ya wahakiki ilikuwa mistari miwili: kazi ni nzuri, rekebisha alama za uandishi. Chini yake kulikuwa na fomu ya kurasa mbili ambayo niliambiwa niitie saini "ili makala iendelee na hatua za uhariri". Nikatia. Kesho yake ikaja ankara, ada ambayo haikuwa imetajwa popote kwenye tovuti yao, sawa na kipato changu cha miezi mitatu.

Watu wakionyana kuhusu majarida haya huongelea ada. Inauma, kweli, lakini ada unaweza kugoma kuilipa, na mimi niligoma. Kilichonikaba ni ile fomu. Nilipoirudia kwa utulivu, kifungu cha nne kilisema mwandishi anamhamishia mchapishaji haki zote za kunakili, kusambaza, kutafsiri na kutoa upya kazi hii, kwa muda wote wa hakimiliki. Hapakuwa na leseni yoyote huria. Hapakuwa na ruhusa hata ya kuiweka makala kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo changu.

Niliandika kwamba naondoa makala. Wakajibu kuondoa nako kuna ada yake. Nilipokataa, wiki mbili baadaye makala ikapandishwa hivyo hivyo, jina la mwenzangu tuliyeandika naye limekosewa na safu moja ya jedwali la pili imekatwa pembeni. Juu ya ukurasa wa tovuti wameweka kile kikufuli cha rangi ya chungwa kilichofunguka, alama ambayo watafiti wote wanaijua kuwa ni ya ufikiaji huria. Ukifungua faili lenyewe, chini ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo, pameandikwa haki zote zimehifadhiwa, na jina lililofuata ni la mchapishaji. Kikufuli kiko wazi mlangoni, ndani kumefungwa.

Niliibeba makala kwenda kwenye jarida la chama cha wanataaluma wa fani yangu. Mhariri akanirudishia siku ya tatu, kwa upole kabisa: programu yao ya kulinganisha maandishi ilikuta karibu kila sentensi mtandaoni tayari. Hawachapishi kilichokwisha kuchapishwa.

Hapo ndipo pingu zilipo, na ni mbili. Ya kwanza ni ya sheria. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, hakimiliki ni yako tangu unapoandika, bila kusajili popote. Inatoka mikononi mwako kwa kukubali kwako, na saini ndiyo hiyo. Ya pili ni ya desturi ya taaluma. Hakimiliki hailindi wazo wala matokeo ya utafiti, inalinda namna yalivyoelezwa, kwa hiyo kisheria ningeweza kukaa na data yangu nikaandika upya kwa maneno mengine. Lakini wahariri hawatazami maneno tu. Wanauliza kama matokeo yaleyale yamekwisha kutolewa, na jibu, kwa sababu ya tovuti ambayo hakuna msomi anayeitembelea, ni ndiyo. Matapeli hawa wanajua hivyo vyema, na ndiyo maana wanathubutu kutoza ada ya kuondoa. Makala yako ni mateka, nao wanataka fidia.

Msidhani ni kisa changu peke yangu. Agosti 2016, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya uchapishaji ya OMICS yenye makao Hyderabad, India. Miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa: ada zilifichwa hadi makala ikubaliwe, watu walitajwa kuwa wahariri bila ridhaa yao, na waandishi waliotaka kuondoa makala zao walizuiwa, kazi zikashindwa kwenda kwingine. Machi 2019 mahakama iliamuru kampuni hiyo ilipe zaidi ya dola milioni 50. Walioniliza mimi ni wengine, lakini nilipoisoma ile kesi niliona barua zangu mwenyewe.

Na uhakiki wao? Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja, akaituma kwa majarida 304 ya ufikiaji huria. Majarida 157 yaliikubali. Nasikitika kwamba wengi walikichukua kisa hicho kuwa ushahidi dhidi ya ufikiaji huria wenyewe. Hilo silikubali, na naomba nisieleweke vibaya hapa, kwa sababu nusu ya hasira yangu ni kwamba jina zuri limeibwa.

Februari 2002, watu waliokutana Budapest walitoa tamko lililolipa neno hili maana yake. Walisema utafiti usomwe, upakuliwe, unakiliwe na usambazwe bure na mtu yeyote mwenye intaneti, na kwamba kazi pekee ya hakimiliki katika jambo hili iwe kumlinda mwandishi: kazi yake isiharibiwe, na jina lake litajwe ipasavyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons, shirika linaloandaa leseni huria ambazo mwandishi yeyote anaweza kuzitumia. Kwa leseni ya CC BY, kwa mfano, unaruhusu watu wote kuitumia kazi yako mradi wakutaje, na hakimiliki inaweza kubaki kwako. Mwanafunzi asiye na maktaba tajiri nyuma yake anaisoma makala usiku uleule inapotoka. Mimi tasnifu yangu nzima niliisomea kwa njia hiyo. Nilipogonga ukuta wa malipo wa jarida fulani, mara nyingi nilikuta muswada wa mwandishi kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya miswada inayofanya kazi tangu 1991, au kwenye hifadhi ya chuo chake. Kwa hiyo mtu anayekutoza ada kwa jina la huria kisha akachukua haki zako zote amekuuzia kinyume cha alichotangaza. Yapo majarida ya siku nyingi, yale yanayosomwa na waliolipia tu, yanayodai kuhamishiwa hakimiliki, na yana lawama zake, lakini hayakwambii kuwa ni huria, na mengi huruhusu muswada uliokubaliwa uwekwe kwenye hifadhi baada ya muda fulani. Masharti ya majarida mengi huwa yameandikwa kwenye Open Policy Finder, tovuti ya sera za majarida ambayo zamani iliitwa Sherpa Romeo. Mnaweza kuyatafuta kwa jina la jarida.

Wala kutoza ada peke yake si dalili ya utapeli. Yapo majarida mazuri yanayotoza, yakitangaza ada hadharani kabla hujatuma kitu. Na majarida mengi yaliyo kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria iliyoanzishwa mwaka 2003, hayamtozi mwandishi chochote. Kwenye DOAJ mtaona pia kama jarida linamwachia mwandishi hakimiliki na linatumia leseni gani. Orodha yenyewe husafishwa: mwaka 2016 maelfu ya majarida yaliondolewa kwa kutokuomba upya chini ya masharti makali zaidi. Kwa hiyo msiridhike na nembo ya DOAJ iliyobandikwa kwenye tovuti ya jarida. Ingieni kwenye DOAJ wenyewe mkalitafute humo. Waliponiibia, nembo hiyo walikuwa nayo pia. Na nembo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji. Zote picha tupu.

Namba ya ISSN isiwababaishe. Ni utambulisho tu wa chapisho linalotoka mfululizo, haisemi lolote kuhusu ubora. Mimi niliiona nikajisemea, basi wamesajiliwa. DOI nayo ni anwani ya kudumu ya makala, inapatikana kwa mchapishaji yeyote anayelipia uanachama. Yale makadirio ya "kipimo cha athari", yaani hesabu ya mara ngapi makala za jarida hunukuliwa, yenye majina marefu yanayofanana na kipimo rasmi cha kampuni ya Clarivate, yapuuzeni.

Nilichopaswa kufanya, na kingenichukua robo saa, ni kumwandikia mmoja wa wahariri walioorodheshwa. Nilifanya hivyo nikiwa nimeshachelewa. Nilitafuta anwani yake kwenye tovuti ya chuo chake, si kwenye tovuti ya jarida. Alinijibu siku hiyohiyo kwamba hajawahi kufanya kazi nao hata siku moja, na kwamba amewaomba mara nyingi walitoe jina lake. Alikuwa na uchungu kuliko mimi.

Jihadharini pia na majarida pacha, pale tapeli anapoiga jina na namba ya jarida halisi na kufungua tovuti inayofanana nalo. Hapo orodha zote zitawaambia jarida ni safi, kwa sababu la kweli ni safi. Linganisheni anwani ya tovuti herufi kwa herufi na ile iliyoandikwa kwenye DOAJ.

Kabla ya kutuma makala popote, pandisheni muswada wenu kwenye hifadhi ya chuo au ya fani, kama jarida mnalolitaka linaruhusu. Tarehe inabaki pale. Na fomu yoyote inayokuja kabla ya maoni ya maana ya wahakiki iachwe bila saini mpaka mkutubi aisome. Wakutubi wengi wanazijua fomu hizi kuliko wasimamizi wetu wa tasnifu.

Kama umeshatuma na hujatia saini, andika leo kwamba unaondoa makala, taja tarehe, hifadhi nakala, usijibizane nao tena. Hakimiliki bado ni yako. Kama umeshatia saini kama mimi, na wanakudai ada ya kuondoa, tafadhali usilipe kabla hujazungumza na maktaba au mwanasheria wa chuo. Mwenzangu mmoja aliyepatwa na haya alilipa. Makala ilifutwa kwenye tovuti ndani ya saa moja naye akadhani yameisha, lakini fomu aliyoitia saini haikufutika pamoja na ukurasa. Jarida la pili lilipomuuliza nani mwenye haki, hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Cha kudai ni barua yenye saini yao inayosema haki zote zimerudi kwa waandishi. Mimi hiyo ndiyo ninayoidai hadi leo.