BeagleBone Black kwenye kinu cha mpunga: bodi safi, ila memori kadi usiifanye nyumba

Wakuu habari. Hii bodi, yaani kompyuta ndogo iliyo kwenye bodi moja, nimekaa nayo mwaka na ushee kwenye kinu cha kukoboa mpunga huku Mbarali, kazi yake ni kusoma mizani na kuandika kila gunia lina kilo ngapi, la nani, limepita saa ngapi. Kabla yake tulikuwa na bodi nyingine ya bei chee ambayo kila kitu kilikaa kwenye memori kadi, mfumo humo, logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) humo, hesabu za bosi humo humo. Miezi minne nikazika kadi tatu.

Ya kwanza niliuziwa Kariakoo, juu imeandikwa 64GB, bei ya kutupa nikajiona mjanja, kumbe ndani ni 8 tu, na zikishajaa hizo 8 inaendelea kupokea faili kama kawaida, majina unayaona kabisa, ukifungua ni pumba tupu, na pumba pale kinuni tunazo za kutosha. Siku hizi kadi haiingii kazini bila kupita kwenye f3, programu ya kupima kadi, inaijaza yote halafu inasoma upya kuhakiki, unaweza ukakaa masaa ila unajua umenunua nini. Mbili zilizofuata zilikuwa orijino, hizo zimeuawa na umeme kukatika katikati ya kuandika, pamoja na logi kuandikwa mfululizo. Wengi hatulifikirii hili: flashi, yaani memori iliyomo ndani ya kadi, haifuti kidogo kidogo, inafuta bloku kubwa kwa mpigo, sasa we umeandika kamstari kamoja ka gunia, yenyewe huko ndani inahamisha mzigo mzima, na flashi za kawaida za TLC (zinazobana biti tatu kwenye seli moja) zinavumilia kufutwa mara elfu moja au elfu chache tu. Andika kila sekunde usiku na mchana uone.

Sasa hii BeagleBone Black, nazungumzia toleo la Rev C, ina eMMC (memori ya kuhifadhia) ya 4GB imechomelewa kwenye bodi yenyewe, RAM 512MB nayo imechomelewa, na tundu la microSD lipo pembeni. Mfumo unakaa kwenye eMMC, hakuna kitu cha kuchomoka hata kinu kitikisike vipi. Lakini msidanganyike, eMMC nayo ni flashi ile ile, tofauti yake ni kwamba ikichoka huichomoi, umepoteza bodi. Nilichoipendea ni zile taa nne za bluu, ya nne ndo ya eMMC, kila ikiandikwa inapepesa. Wiki ya kwanza ilikuwa inapepesa kama ina kifafa, nikahamishia logi kwenye RAM kwa tmpfs (folda inayokaa kwenye RAM) ya 32MB, nikaweka noatime ili kusoma faili tu kusiandike muda wa kusomwa, na rekodi za magunia nikawa nakusanya dakika tano ndo naandika kwa pamoja. Taa ikatulia, unakaa unaiangalia hadi unadhani imezimika halafu inapiga mara moja, kimya. Ndio, umeme ukikatika naweza kupoteza rekodi za dakika tano, bosi nimemwambia na kakubali, maana risiti za karatasi zipo.

Kadi imebaki ndoo ya kuchotea tu. Saa mbili usiku skripti inaipachika, inanakili faili la siku, inapiga sync kuhakikisha yote yameandikwa, inaipachua, basi, mhasibu anakuja asubuhi anaichomoa. Taa ya pili, ndo ya kadi, ikipepesa haruhusiwi kugusa. Na iformatini FAT32 jamani! Mimi mwanzo niliweka ext4, mpangilio wa Linux, kwa ufundi mwingi, mhasibu akaichomeka kwenye kompyuta yake ikamwambia hii haisomeki, niiformati? Naye mtu wa watu akabonyeza sawa. Wiki nzima ya mavuno ikaenda.

Mapungufu yapo. Saa ya bodi haina betri, umeme ukirudi na intaneti hamna inaamka na saa ya nyuma, faili la leo linaweza kupewa jina la jana na kulifunika la jana, kwa hiyo ongeza kamoduli ka saa ka DS3231 kenye betri yake, hiyo usibishane nayo. 4GB nazo ni finyu, ile Debian (mfumo wa Linux) yenye desktopu inakula sehemu kubwa, weka ya IoT isiyo na desktopu. RAM huwezi kuongeza, skripti za Python zinatosha kabisa lakini ukitaka kioo chenye brauza na michoro ya rangi rangi tafuta bodi nyingine mapema. Joto na vumbi la kinuni mimi nimeiweka kwenye boksi lililofungwa, ila kama mfuko unaruhusu kuna toleo la viwandani linalohimili nyuzi joto hasi 40 mpaka 85.

Nyota nne kati ya tano, moja nimebana kwa ajili ya ile saa. Kingine, tengeneza mapema kadi ya kurudishia mfumo: unaichomeka, unashikilia kitufe kilicho karibu na tundu la kadi huku unawasha, taa nne zinaanza kukimbizana kwenda na kurudi, unasubiri dakika kadhaa eMMC imeandikwa upya. Nishamwelekeza mlinzi kwa simu akaweza. Yangu inakaa kwenye droo ya mhasibu ndani ya kamfuko ka nailoni, juu nimeandika kwa maka peni nyekundu: USIFORMATI.