Kutambua nchi ya mgeni wa tovuti: anwani ya IP au saa ya simu?

Kwa mtengeneza tovuti wa Goma, kijenzi cha kutambua nchi ya mgeni kina kazi ndogo: kuweka +243 mbele ya namba ya simu na kuonyesha bei kwa faranga za Kongo au dola. Ugumu ni mpaka. Gisenyi ya Rwanda iko hatua chache tu, na mtu wa Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani, anaweza kuwa na laini ya Rwanda mfukoni.

Ukitumia anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, seva huitafuta katika hifadhidata ya mafungu ya anwani na nchi zake. Mbali na mpaka hilo halina shida sana. Hapa kwetu laini ya Rwanda huleta jibu la Rwanda, na VPN, huduma inayoficha anwani halisi ya mtumiaji, huleta nchi yoyote. Tena hifadhidata huzeeka, na ukiuliza huduma ya nje unaikabidhi anwani za wageni wako.

Njia nyingine ni kusoma ukanda wa saa katika kivinjari chenyewe. Haihitaji seva, haili mega. Goma na Kigali zote ziko UTC+2, yaani saa mbili mbele ya saa ya kimataifa, ila majina ya ukanda ni mawili: Africa/Lubumbashi kwa Goma na Africa/Kigali kwa Rwanda. Kasoro yake? Simu inayojipangia saa huweza kufuata antena ya jirani.

Mimi ningechukua hii ya pili kwa wepesi wake, kisha niweke orodha ya nchi karibu na bei, mteja abadilishe mwenyewe na chaguo lake lihifadhiwe. Lugha ya kivinjari sikuihesabu kabisa. Kifaransa kinasomwa Dakar, Bukavu na Paris.