Shampeni kavu ya familia, mi nimeielewa glasi ya pili
Jamani hii ni kavu kweli. Lebo inasema Extra Brut, yaani sukari haizidi gramu 6 kwa lita, kwa hiyo kama umezoea zile tamu tamu lazima ukunje uso kwanza, mi mwenyewe nilikunja, glasi ya pili ndo nikaanza kuielewa, vipovu vidogo vidogo vinapanda taratibu, harufu ya mkate wa moto na tufaha bichi, mwishoni kama kuna kachumvi hivi. Wenyewe ni familia inalima zabibu zake huko Champagne, Ufaransa, na mvinyo wanatengeneza wenyewe, alama yake ni herufi RM, zicheki kwa chini pale kwenye lebo (zimeandikwa ndogo hizo, utakodoa macho). Ila msiipoze kupita kiasi, yangu ilitoka kwenye friji haina ladha kabisa mpaka baridi ilipopungua.