TAHADHARI: "Epoksi" ya sakafu ya gereji inayouzwa mitaani Dar. Soma kabla hujatoa kianzio

Ndugu zangu mnaojenga na mnaomalizia nyumba Dar, Kibaha na Bagamoyo, naomba mnisome kabla hamjamlipa mtu yeyote kazi ya sakafu ya gereji ya nyumbani. Mimi ni fundi wa sakafu. Tangu masika yaishe, simu nyingi ninazopigiwa ni za kubandua kazi ya watu wengine. Kuna kundi linapita mitaani na mitandaoni likiuza kile linachoita epoksi ya kimataifa (epoksi ni mpako mgumu wa sakafu): unene wa milimita tatu, dhamana ya miaka 10, kazi siku moja. Sitataja jina lao, maana wanalibadilisha mara kwa mara, na namba za simu vilevile. Nataka muujue mchezo wenyewe, ili muutambue hata wakija kwa jina jipya.

Wanakuja wakiwa wamevaa vizuri, na kipande cha marumaru kilichopakwa kitu kinachong'aa kama sampuli. Kwenye simu wana picha za magereji ya Ulaya na Marekani wakisema ni kazi zao. Wanapima, wanataja bei ya mita ya mraba ambayo kwa fundi mwenye vifaa halisi haitoshi hata kununua mali, kisha wanaomba nusu "ya kwenda Kariakoo kuchukua mzigo". Pesa inatumwa kwenye namba ya mtu binafsi. Kesho yake wanafika na ndoo moja au mbili zisizo na nembo, zimeshafunguliwa. Ukiuliza, jibu ni moja: "Tumeshachanganya stoo, tunakuokolea muda." Wanafagia, wanapiga deki, wanapitisha rola, jioni sakafu inang'aa, wanapiga picha na kuchukua salio.

Mama mmoja wa Kigamboni, mwalimu mstaafu, alifanyiwa hivyohivyo kwa pesa ya kiinua mgongo. Gari lilipoanza kulala ndani, alama za matairi zikabaki sakafuni na rangi ikabaki kwenye matairi. Akawapigia. Wakamwambia matairi yake ni mabaya. Akapiga tena, wakasema kosa ni lake, amemwaga maji kabla ya muda. Mara ya tatu simu haipatikani. Nilipofika na skrepa, ile rangi ilitoka kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake niru, ile ngozi ya saruji ya juu ya zege, ilikuwa laini vilevile alivyoiacha fundi wa saruji, haina hata mkwaruzo mmoja. Pembeni kulikuwa na chumvi nyeupe imeshaanza kuchomoza. Iliniuma sana, maana huyu mama aliuliza maswali yote ambayo mtu asiye fundi angeweza kuuliza, akajibiwa uongo kwa kila moja.

Sasa shikeni hili la kwanza, kwa sababu linawaumbua hapohapo getini. Epoksi ya kweli huja katika makopo mawili: moja la utomvu (resini), la pili la hadina, yaani dawa ya kuugandisha. Yakishachanganywa, inaanza kukauka yenyewe, hata ukifunika ndoo. Haikauki kwa upepo kama rangi ya ukutani, inakauka kwa kemikali. Epoksi nyingi zisizo na tina (kile kiyeyushio cha rangi) zinakupa kama nusu saa ya kufanyia kazi, na kwa joto letu la nyuzi 30 na zaidi muda huo unapungua. Ukiiacha ndani ya ndoo inajipasha moto, inaweza kufuka moshi, kisha inakuwa jiwe na ndoo yako imekwenda. Ndiyo maana fundi anayeijua huimwaga sakafuni mara tu anapomaliza kuchanganya. Sasa niambieni, nani anaweza kuchanganya epoksi Kariakoo, akapanga foleni ya kivuko, akavuka, akafika Kigamboni bado iko maji? Aliyekuja nayo imeshachanganywa amekuja na rangi ya mafuta au rangi ya maji iliyotiwa kitu cha kung'arisha. Hapo usibishane naye, mwambie arudi na ndoo zake.

Makopo halisi yawe yamefungwa, yana jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe, na kiwango cha kuchanganya kilichoandikwa. Mengine ni mbili kwa moja, mengine nne kwa moja, kila kampuni na yake. Fundi anayekisia hadina kwa jicho atakuachia sakafu yenye mabaka yanayonata miezi na miezi, hata kama mali yenyewe ni nzuri.

La pili ni hesabu ya lita, na hii naomba muiandike pembeni. Lita 1 ikitandazwa juu ya mita 1 ya mraba inatoa unene wa milimita 1. Hakuna ujanja unaoweza kubadilisha hilo. Gereji ya magari mawili, mita 6 kwa 6, ni mita za mraba 36. Anayekuahidi milimita tatu anatakiwa aingize lita 108 za mchanganyiko, ukijumlisha na ule mchanga laini mweupe unaotiwa ndani yake. Yule mama alionyeshwa ndoo moja ya lita 20. Hata ingekuwa epoksi tupu, kwa eneo la mita za mraba 36 ingetoa nusu milimita na kidogo. Na kama ni rangi ambayo nusu yake ni tina au maji yanayopotea hewani, kinachobaki sakafuni hakifiki theluthi moja ya milimita. Kwa hiyo muulize unene, zidisha na eneo lako, kisha hesabu ndoo zinazoshuka kwenye gari. Fundi mkweli atafurahi kukuona unahesabu.

Niseme pia, ili nisimwonee mtu: gereji ya nyumbani haihitaji milimita tatu. Hizo ni za viwanda, maghala na mahospitali. Kwa gari la familia, praima inayoingia kwenye zege na makoti mawili ya epoksi isiyo na tina, jumla kama nusu milimita hivi, inatosha kabisa ikiwa chini pameandaliwa sawasawa. Zipo pia epoksi za maji zinazopakwa kwa rola, kila koti likikauka linaacha chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Nazo ni bidhaa halali kwa bei yake, mradi uambiwe ndicho unachonunua. Wizi ni kulipishwa unene wa kiwandani ukapewa wa ukutani.

Kuandaa ndiko kunakokula muda na pesa, na ndiko wanakokuruka. Zege letu la nyumbani kwa kawaida linapigwa niru juu, na niru ni ngozi nyembamba ya saruji, laini na dhaifu. Epoksi ina nguvu kuliko ngozi hiyo. Ukiipaka juu yake, itang'oka nayo. Lazima niru isagwe kwa mashine yenye almasi, ndugu wa zile za kusagia terazo, yenye kifyonza vumbi, mpaka ukipitisha kiganja unasikia ukwaruzo wa msasa. Grenda ya mkono ni ya kona na kingo. Kusaga nayo gereji nzima kunaacha mabonde. Kipimo chake hakihitaji ufundi: dondosha maji sehemu kadhaa. Yakizama, sakafu iko tayari kushika. Yakikaa juu kama tone, bado kuna niru, mafuta au rangi ya zamani, na hapo hakuna epoksi duniani itakayoshika. Penye doa la oili ya injini, mafuta yanatolewa kwanza kwa dawa yake ndipo mashine ipite, la sivyo unayasambaza.

Wengine watakuambia watamwaga asidi badala ya kusaga. Mimi siipendi. Haitoi mafuta, isiposuuzwa vizuri inaacha masalia, na inaongeza maji kwenye sakafu ambayo huenda tayari ina unyevu. Moshi wake pia ni mbaya, hasa nyumba yenye watoto.

Na unyevu, ndugu zangu wa Mikocheni, Msasani na Kigamboni, msiuchukulie kirahisi. Maji ya ardhini kwetu yako karibu, na nyumba nyingi zilimwagwa jamvi bila nailoni chini yake. Mvuke unapanda kupitia zege, ukikuta umefungiwa njia unasukuma, na unaona malengelenge. Kata nailoni safi ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa mkanda pande zote nne, iache saa 16 au zaidi. Ukifunua ukakuta matone au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, usipake; kuna praima maalumu za unyevu, au subiri pakauke. Zege jipya nalo lipewe siku 28. Watu hawa kwa yule mama walipaka mvua inanyesha nje na geti liko wazi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 80 hivi, epoksi nyingi hufanya utando wa weupeweupe wenye utelezi kama mafuta, na koti la pili halishiki juu yake.

Kuhusu matairi, ule utetezi wao wa "matairi mabaya" msiukubali kamwe. Tairi likitoka barabarani ni la moto, lina kemikali za kulainisha mpira zinazolegeza rangi dhaifu, na linapopoa linajikunja na kuivuta. Kila gari linafanya hivyo. Kazi ya sakafu ya gereji ni kustahimili jambo hilo hasa. Epoksi iliyoshika vizuri kwenye zege lililosagwa, ikapewa siku 7 kabla ya kuingiza gari, haitoki kwa tairi.

Jambo dogo kwa wenye banda lisilo na kuta: epoksi tupu ikipigwa jua inageuka manjano na baadaye inafanya vumbi la chaki. Sehemu hiyo inatakiwa koti la juu la poliyurethani lisiloathiriwa na jua. Anayekuapia kwamba epoksi yake haibadiliki rangi juani anakudanganya.

Ile dhamana ya miaka 10 niliisoma. Ni karatasi yenye muhuri wa duara, haina TIN wala anwani ya ofisi, na chini kwa maandishi madogo imeandikwa kwamba haihusu unyevu, mafuta wala matairi ya moto. Sasa kwenye gereji imebaki inahusu nini?

Ninavyoshauri kulipa ni hivi. Mali nunua mwenyewe dukani, au nenda na fundi, uchukue risiti ya EFD yenye jina la duka na bidhaa. Dai karatasi ya maelekezo ya mtengenezaji. Kampuni halisi zinayo na inaeleza unene, muda wa kukauka na kiasi cha unyevu kinachoruhusiwa. Pesa ya ufundi igawe: sehemu baada ya kusaga na wewe mwenyewe kujaribu maji, sehemu baada ya makoti, salio baada ya gari kuingia na kutoka kwa wiki kadhaa. Anayekataa salio la mwisho hana imani na kazi yake. Na kabla ya yote mwambie afanye kipande cha jaribio konani kwa mali ileile. Kikishapata siku 7, lowesha kitambaa kwa tina ya rangi za magari ukisugue. Epoksi iliyokomaa itabaki ngumu. Rangi ya kawaida italainika na kupaka kitambaa. Kichanje kwa wembe alama za msalaba, bandika mkanda wenye gundi kali, uvute kwa nguvu. Kikitoka na mkanda, umeokoa pesa ya gereji nzima.

Waliokwisha kupakwa na sasa inabanduka: hawa jamaa wakipatikana kwenye simu wana jibu la mwisho, "tutakuongezea koti juu, ongeza kidogo tu." Msiongeze. Koti jipya linashika lile linalobanduka, na yote mawili yatatoka pamoja. Dawa ni kusaga mpaka zege lenyewe. Kama salio bado liko kwako, lisitoke. Ndoo walizoacha msizitupe, pigeni picha pande zote, hifadhini ujumbe wa simu, karatasi ya dhamana na muamala wa pesa wenye jina la aliyepokea. Kama mmetuma sasa hivi na mmeshtuka, pigieni mtandao wenu wa simu mara moja kabla pesa haijatolewa. Nendeni kituo cha polisi mchukue RB, ile namba ya taarifa yenu. Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji waliodanganywa na ya bidhaa bandia. Ikiwa ndoo ilikuwa na nembo ya kiwanda inayotia shaka, pelekeni taarifa Shirika la Viwango, TBS, pia. Yule mama wa Kigamboni tayari ana RB, na majirani zake wawili waliopakwa na watu haohao wameandikisha pamoja naye.